Likizo Ndefu na Piano Iliyofunikwa Kitambaa

SWALI: Mwalimu, salaam. Ninafundisha piano watoto 11 wa umri wa miaka 8 hadi 14. Kila shule zinapofungwa Desemba, wengi huenda kwa babu na bibi zao Moshi na Bukoba, na wanaporudi Januari huwa kama hawajawahi kuiona piano. Mwaka jana niliwaandikia ratiba ya nusu saa kila siku, wazazi wakaibandika kwenye friji, na hakuna aliyeifuata kupita juma la kwanza. Nifanye nini ili wafanye mazoezi bila mimi kuwepo? (Mwalimu wa piano, Sinza, Dar es Salaam)

JIBU: Nusu saa si nyingi, na wala siamini kwamba watoto wako ni wavivu. Ratiba humwambia mtoto akae lini, lakini haimwambii afanye nini akishakaa. Muhula mzima wewe ndiye uliyekuwa ukisikia kosa, ukimsimamisha na kumwonyesha pa kuanzia tena. Ukiondoka, kazi hiyo inabaki haina mtu. Basi mtoto hufanya anachokijua: hupiga wimbo tangu mwanzo, hujikwaa palepale anapojikwaa siku zote, hurudi mwanzo, na baada ya mara tatu huchoka, tena kwa haki kabisa.

Kwa hiyo katika vipindi viwili vya mwisho kabla ya likizo usifundishe wimbo mpya. Fundisha namna ya kufanya mazoezi. Mpe mtoto penseli, apige wimbo mara moja, kisha azungushie duara mahali alipojikwaa, na wewe unyamaze hata kama ulimi unakuwasha. Halafu achukue sehemu hiyo tu, mkono wa kushoto peke yake, polepole kiasi cha kutokosea, kisha wa kulia, kisha yote miwili. Mimi huweka punje tano za maharage upande wa kushoto wa piano: kila akipatia, punje moja huhamia kulia, akikosea, zote hurudi. Nilikuwa na msichana wa miaka tisa aliyefika punje ya nne mara kadhaa bila kuipata ya tano, akazitazama punje zile kama mtu anayedaiwa, kisha akapunguza mwendo bila kuambiwa. Hapo nikajua kwamba huyu anaweza kwenda likizo.

Kuhusu nyimbo zenyewe, shusha kiwango. Anayejiandaa kwa mtihani wa daraja la 3 wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, mpe nyimbo za daraja la 1, kwa kuwa anachohitaji likizoni ni kitu anachoweza kukimaliza peke yake. Wimbo mmoja achague mwenyewe, hata ukiwa wa bongo fleva usioupenda. Wimbo mwingine uwe wa Krismasi, wa kuwapigia ndugu, maana bibi anayesubiri kusikia humvuta mtoto kuliko karatasi yoyote ya kwenye friji.

Sasa chombo. Huko aendako huenda hakuna piano, bali kinanda cha kanisani chenye vibonyezo 61 badala ya 88, na ufunguo wa chumba uko kwa mwenyekiti wa kwaya. Mzazi aombe ruhusa mapema, kabla ya safari. Hata hicho kikikosekana, chora vibonyezo kwenye karatasi ya manila kwa kipimo halisi: oktava moja ya piano, yaani kutoka do hadi do inayofuata, ni takriban sentimita 16.5, kwa hiyo oktava tatu ni kama nusu mita. Karatasi haikatikiwi umeme, lakini haitoi sauti, ndiyo maana ni lazima mtoto aimbe anachokipiga. Wanaoimba kwaya wana nafuu kwa sababu solfa, yaani do, re, mi, wanaijua. Wakumbushe tu kwamba do ya solfa huhama kulingana na wimbo, kwani aliyezoea kuikuta kwenye noti ya C atababaika akikutana na wimbo ambao do yake ni G.

Kila Jumamosi akutumie kwa WhatsApp rekodi isiyozidi dakika moja: mahali pamoja alipopazungushia, kabla ya kurekebisha na baada. Jibu kwa sentensi moja ya kumpokea, bila kusahihisha, la sivyo utakuwa umerudia kazi ya kusikia makosa kwa niaba yake.

SWALI: Binti yangu haigusi piano likizoni nisipomsimamia. Je, nikae naye? (Mama, Nakuru)

JIBU: Kaa chumba kimoja naye, lakini uwe na kazi yako mwenyewe, kama vile kumenya viazi au kukunja nguo. Usimwulize kama amefanya mazoezi, kwa sababu swali hilo hujibiwa "ndiyo" na kuishia hapo. Mwulize leo amezungushia wapi, na umwombe akupigie mahali hapo tu. Akitaka kukupigia wimbo mzima, weka kisu chini usikilize hadi mwisho.