Je, nishushe daraja la akaunti yangu ya benki?

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa na maduka mawili, benki yangu ilinishawishi nihamie kwenye akaunti ya daraja la juu, ambayo ada yake ni shilingi 25,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa ada hiyo sitozwi ninapotoa fedha kwenye mashine wala ninapohamisha fedha kwenda benki nyingine, ninahudumiwa bila kupanga foleni, na nina meneja wa uhusiano ninayeweza kumpigia simu. Sasa nimebaki na duka moja. Ninatoa fedha kwenye mashine kama mara nne kwa mwezi, na wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam ninawalipa kwa benki mara tatu kwa mwezi kuanzia Juni hadi Septemba, lakini mara moja tu kwa mwezi katika kipindi kingine cha mwaka. Kwa mujibu wa orodha ya bei niliyopewa, akaunti ya kawaida hukatwa kama shilingi 4,000 kwa mwezi pamoja na kodi, kutoa fedha kwenye mashine ni 1,500, na kuhamisha kiasi kikubwa kwenda benki nyingine ni 10,000. Meneja ameniambia nisihangaike, kwani salio langu lisiposhuka chini ya shilingi milioni 5 ada ya mwezi itafutwa. Mume wangu anasema nirudi kwenye akaunti ya kawaida mara moja, maana nitaokoa zaidi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Ninaogopa pia kwamba nikishuka daraja, benki itaniona nimeishiwa na haitanikopesha tena. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeomba orodha ya bei na umehesabu unavyoitumia akaunti. Bila tarakimu hizo ningekujibu kwa kubahatisha.

Tuanze na ada yenyewe. Huduma za benki zinazolipiwa ada hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ya asilimia 18, kwa hiyo shilingi 25,000 zilizoandikwa kwenye kipeperushi huwa kama shilingi 32,000 zinapofika kwenye taarifa ya akaunti yako. Kwa mwaka mzima ni kama shilingi 384,000. Baadhi ya benki huandika ada na kodi katika mistari tofauti ya taarifa, na ndiyo maana mteja anayetazama mstari mmoja tu hudhani analipa kidogo kuliko anavyolipa. (Tozo za kuhamisha fedha kati ya benki na simu, ambazo bado baadhi ya wasomaji huzilaumu kwa kila shilingi inayopungua, ziliondolewa Oktoba 2022.)

Mumeo amechukua 32,000, akatoa 4,000, akazidisha kwa miezi 12, akapata shilingi 336,000. Hesabu yake ya kutoa na kuzidisha ni sahihi, ila amelinganisha ada ya mwezi na ada ya mwezi peke yake, kana kwamba ukishuka daraja utaacha pia kutoa fedha na kuwalipa wauzaji. Katika akaunti ya kawaida, mwezi wa pilika kama Julai utakugharimu 4,000 za makato, 6,000 za kutoa fedha mara nne na 30,000 za malipo matatu ya Dar es Salaam, jumla 40,000, ambazo ni zaidi ya unazolipa sasa. Mwezi wa kawaida utakuwa 4,000, 6,000 na 10,000, yaani 20,000. Miezi minne kwa 40,000 ni 160,000, na miezi minane kwa 20,000 ni 160,000 nyingine. Jumla ya mwaka ni shilingi 320,000, na utakachookoa ni shilingi 64,000.

Kwa hiyo, ukishusha daraja na kuendelea kufanya kila kitu kama unavyofanya leo, faida ni ndogo, na mwaka ambao biashara itachangamka unaweza hata kulipa zaidi. Mimi nashauri ushuke, lakini ubadilishe namna unavyolipa, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapotoka. Katika zile shilingi 320,000, shilingi 200,000 ni za malipo ishirini ya wauzaji wa jumla. Tazama upya ankara wanazokutumia. Wauzaji wakubwa wa saruji, mabati na nondo kwa kawaida huwa na akaunti katika benki zaidi ya moja, na mara nyingi namba zote huandikwa chini ya ankara, ingawa mteja huendelea kutumia ile aliyoizoea. Kuhamisha fedha ndani ya benki ileile kwa kawaida ni nafuu sana kuliko kuzipeleka benki nyingine. Kwa kiasi kidogo, uliza pia bei ya kuhamisha kwa simu kupitia TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, kwa maana bei hiyo mara nyingi huwa chini ya ile ya TISS, mfumo unaotumika kwa malipo makubwa. Ukifanikiwa kuhamisha nusu tu ya malipo yako kwenye njia hizo, na ukitoa fedha mara mbili kwa mwezi badala ya mara nne, gharama yako ya mwaka itakaribia shilingi 200,000, na hapo ndipo uamuzi wa kushuka unapokuwa na maana.

Sasa nije kwenye ushauri wa meneja wako, ambao unasikika mtamu kuliko ulivyo. Kuacha shilingi milioni 5 zikae bila kuguswa ili kufuta ada si huduma ya bure. Tuseme ungeziweka kwenye amana ya muda maalumu, yaani fedha unazoikabidhi benki kwa kipindi mlichokubaliana bila kuzigusa, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba ingekuwa shilingi 400,000, na baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 ungebaki na 360,000. Huo ni mshahara ambao fedha zako zingekuletea na ambao umekubali kuuacha ili usilipe 384,000, kwa hiyo unachokwepa kwa mkono mmoja karibu chote unakitoa kwa mwingine. Kwako wewe hali ni nzito zaidi, kwa kuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana haja ya mtaji wakati wote, na milioni 5 zilizofungwa benki mwezi wa Juni ni mabati ambayo hayapo dukani mteja anapoyaulizia. Isitoshe, ni kawaida ya masharti ya aina hii kwamba salio likishuka hata siku moja, ada ya mwezi mzima hurudi. Uliza kama benki inatazama wastani wa mwezi au salio la chini kabisa, kwa maana tofauti yake ni kubwa kwa mtu anayelipa wauzaji kwa mkupuo. Kama una fedha hizo na kweli huzihitaji kwa mwaka mzima, ziweke mahali zinapozaa.

Kuhusu hofu ya mkopo, sitaki kuipuuza, lakini nadhani umeipa uzito usiostahili. Afisa mikopo hutazama mzunguko wa fedha kwenye akaunti, dhamana uliyonayo, hesabu za biashara, na taarifa zako katika kampuni za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu. Mzunguko hauondoki kwa kubadili aina ya akaunti ndani ya benki hiyohiyo, ilimradi mauzo yako uendelee kuyapitisha humo. Utakachopoteza ni mtu wa kumpigia simu jambo linapokwama, na hilo lina thamani. Jiulize mara ya mwisho alikusaidia jambo gani ambalo dirishani lisingewezekana. Ikiwa jibu halikujii haraka, hupotezi kitu kikubwa. Wala usidhani daraja la juu linalinda fedha zako zaidi: fidia ya Bodi ya Bima ya Amana, inayolipwa wateja benki inapofilisika, na ambayo mwaka 2023 kiwango chake cha juu kilipandishwa kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5, huhesabiwa kwa mteja katika kila benki, si kwa daraja la akaunti.

Kabla ya kutia saini, uliza swali moja ambalo likisahaulika huleta usumbufu kuliko ada yenyewe: namba ya akaunti itabaki ileile? Benki nyingine hubadili aina ya akaunti na kuacha namba, nyingine hufungua akaunti mpya kabisa. Ikiwa namba itabadilika, wajulishe wateja wanaokulipa kwa benki, hamisha maagizo ya kudumu (malipo ambayo benki hukufanyia yenyewe kila kipindi), na iache akaunti ya zamani ikiwa wazi hadi uone kwamba hakuna anayeitumia tena. Andika ombi lako kwa barua, itaje tarehe unayotaka mabadiliko yaanze, rudisha kadi na karatasi za hundi ambazo hazikutumika, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ada ya zamani ikiendelea kukatwa, nakala hiyo ndiyo itakayokuwezesha kudai urejeshewe, kwanza kwa maandishi benkini, na usiporidhika, Benki Kuu, ambayo hupokea malalamiko ya wateja chini ya Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwalimu mkoani Dodoma. Mshahara wangu unapitia kwenye akaunti yenye ada kubwa, na nina mkopo wa mshahara uliobaki miaka miwili. Ninaweza kushusha daraja sasa?

JIBU: Marahaba. Chukua mkataba wa mkopo kabla ya kwenda tawini, usome sehemu inayoeleza riba na masharti yake. Ikiwa ulipewa riba nafuu kwa sababu ya aina ya akaunti uliyonayo, kushuka kunaweza kuipandisha, na hata nyongeza ndogo ya asilimia kwenye deni la miaka miwili huweza kumeza ada yote utakayookoa. Muombe afisa mikopo akuandikie marejesho mapya ya mwezi yatakavyokuwa, kisha yalinganishe na ada unayokatwa. Kama mkataba hautaji aina ya akaunti popote, unaweza kushuka, ila hakikisha kwa mwajiri wako kwamba namba ya akaunti ya mshahara haibadiliki, au kama inabadilika, mabadiliko hayo yamewasilishwa kabla orodha ya mishahara ya mwezi husika haijafungwa.