Sauti zinazogongana

SWALI: Nimesikia kwaya ya wanawake wa Bulgaria. Sauti mbili zimebanana mpaka zinatetemeka. Wamekosea?

JIBU: Hawajakosea, ndugu yangu. Hata mimi mara ya kwanza nilidhani spika imeharibika! Mtafute Filip Kutev, mtunzi wa muziki aliyezaliwa mji wa Aytos, Bulgaria, mwaka 1903. Mwaka 1951 alianzisha kundi la taifa la nyimbo na ngoma, akachukua waimbaji wa vijijini na sauti zao za kifuani, kali, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Katika vijiji vya Washopi, watu wa eneo la karibu na Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, mwimbaji mmoja hushikilia noti moja, mwenzake huimba ya jirani kabisa. Kutev aliuingiza mgongano huo kwenye kwaya. Jaribuni wawili: mwenzako ashike noti ya “do”, wewe “re” inayoifuata. Asihame mtu.