Mildred Pierce: tamthilia ya 2011 au filamu ya 1945?

Umeuliza kama aliyeona filamu ya 1945 ana haja ya kutazama tamthilia ya 2011. Anayo, maana hadithi si ileile. Filamu inaanza na mauaji ya Monte, mume wa pili wa Mildred, ambayo hayamo kabisa katika riwaya ya James M. Cain, chanzo cha zote mbili. Todd Haynes, mwongozaji wa tamthilia, katika sehemu zake 5, ameifuata riwaya karibu hatua kwa hatua: Glendale, miaka ya mdororo wa uchumi, Mildred anahudumia wateja mkahawani huku akimficha bintiye Veda sare yake ya kazi. Mwanzo unakwenda polepole, vumilia. Veda anachezwa na Morgan Turner, kisha kuanzia sehemu ya 4 Evan Rachel Wood, na hapo ndipo ujeuri unapogeuka ukatili mtupu.