Kabla ya Fomula, Chora

Msomaji mmoja anayesomea uhandisi ujenzi ameniandikia kwamba fomula zote anazo kichwani, lakini egemeo (pale boriti inapokalia) likisogezwa kidogo tu kwenye swali, anakwama. Mdogo wangu, fomula hazina kosa. Hujui mzigo unapita wapi.

Darasani kwetu mimi ndiye niliyekuwa wa kuchora. Kabla ya namba yoyote niliitenga boriti kutoka kwenye nguzo zake, nikaweka mishale: mizigo chini, miitikio (nguvu za egemeo zinazoisukuma boriti) juu. Mhadhiri mmoja aliliinua daftari langu mbele ya wenzangu, akauliza kama nimekuja kusomea katuni. Darasa likaangua kicheko. Mtihani ulipofika, waliokuwa wakicheka sana ndio waliorudia, mimi sikurudia. Najisifu, ndiyo. Kicheko kile hakijanitoka.

Mishale hiyo si mchezo. Mwaka 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vivuko viwili vya ndani (madaraja ya kupitia watu, yaliyotundikwa) vilianguka, wakafa watu 114. Mchoro wa awali ulivitundika vyote viwili kwenye fito ndefu za chuma kutoka darini, kila kivuko kikibebwa na nati zake. Baadaye kila ufito uligawanywa vipande viwili, kivuko cha chini kikaning'inizwa kwenye boriti za kile cha juu. Uzito haukuongezeka, ila nati za juu zilijikuta zimebeba vivuko viwili. Mchoro wa mishale mitatu ungelionyesha jambo hilo.

Basi jizoeze na kitu kidogo. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilonewtoni (kipimo cha nguvu) 25 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo slabu (sakafu ya zege) ya unene wa milimita 150 ni 3.75 kwa mita ya mraba. Boriti inayobeba upana wa mita 4 wa slabu hiyo inapata 15 kwa kila mita. Ikiwa na urefu wa mita 6 na imeegemea ncha mbili tu, kila ncha inabeba 45, na momenti (nguvu ya kuipinda boriti) ya katikati ni kilonewtoni-mita 67.5. Hapo watu bado hawajaingia, wala hujahesabu uzito wa boriti yenyewe (wengi huusahau, sijui kwa nini).

Chora, chora tena, acha uvivu! Halafu jumlisha miitikio. Isipofika 90, yaani 15 mara mita 6, rudi kwenye mchoro, kikokotoo kiache mezani.