Maswali ya wasomaji: "Ass" ni punda au ni tusi?

SWALI: Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Mwanafunzi kaandika kwenye insha "The man rode an ass to the market", darasa zima likaangua kicheko. Nimkate alama? (Mwalimu, Singida)

JIBU: Usimkate. Sentensi ni sahihi, ila ni Kiingereza cha mababu. Hapo yamegongana maneno mawili yasiyo na udugu wowote. La kwanza, la punda, asili yake ni Kilatini "asinus", na Biblia ya King James ya 1611 imejaa hilo: amri ya kumi inakataza kutamani "ass" wa jirani, na mnyama aliyemsemesha Balaamu ni huyohuyo. La pili, la makalio, Waingereza hadi leo huliandika "arse". Sauti ya r ilipodondoka midomoni mwa watu, kama "curse" ilivyozaa "cuss" na "burst" ikazaa "bust", likabaki "ass" na kumkalia punda wa watu. Wasemaji wakaona haya kumtaja mnyama. Mwishoni mwa karne ya 18 likajitokeza "donkey", na ndilo linalotumika katika Biblia nyingi za Kiingereza cha kisasa. Jogoo naye hakusalimika: Marekani "cock" alipewa jina la "rooster" kwa sababu hiyohiyo. Mwandikie pembeni "donkey", alama mwachie.

SWALI: Naandika tafsiri za chini ya filamu za Kimarekani. Neno hili liko kila baada ya dakika. Nikiweka "matako" kila mahali, mteja analalamika. (Mfasiri, Dar es Salaam)

JIBU: Ana haki ya kulalamika. Vinywani mwa Wamarekani mara nyingi neno hili halitaji mwili kabisa. "Get your ass over here": hapo "your ass" ni "wewe" tu, mwenye kufokewa. Andika "Hebu njoo hapa upesi!" "You saved my ass" ni "umeniokoa". Likija "my ass!" baada ya neno la mwenzake, ni kukanusha kwa dharau, na Kiswahili kina neno lake tayari: "Sick, my ass!" ni "Mgonjwa? Thubutu!" Likigandishwa kwenye sifa linakuza kitu, kwa hiyo "a big-ass car" ni "bonge la gari". "Half-assed" ni kazi ya kulipua. "Smart-ass" ni mjuaji, na "ass-kisser" siku hizi mjini tunamwita chawa. "Badass" ni sifa, si tusi: "kiboko". Na mtu akisema "I worked my ass off", mwandikie "nimepiga kazi kama punda". Punda karudi kwa mlango wa nyuma.

Wengi huteleza kwenye tofauti ya "an ass" na "asshole". Mwingereza akimwambia rafiki "don't be an ass", anamtaka aache upuuzi; bado ni punda yuleyule, na hata mbele ya wazee si kosa kubwa. "Asshole" ni tusi kweli, tena halimlengi mjinga bali mtu mbaya anayewatendea wenzake visivyo huku akijua. Usilitafsiri kwa kiungo chenyewe, maana kwa Kiswahili tusi hilo huwa zito kuliko lilivyo kwao. "Mshenzi" inatosha. Na pale mwili unapotajwa kweli, "makalio" ni la adabu. "Matako" mwachie mhusika wa kijiweni.

SWALI: Kibao cha mlangoni kwetu kimeandikwa "Ass. Manager". Wageni wanakipiga picha. Kosa liko wapi? (Karani, Mombasa)

JIBU: Kwenye ufupisho. "Assistant" hufupishwa "Asst.", yenye t. Ile t ndiyo sitara yake. "Associate" ni "Assoc." Angalieni na mihuri, kadi za biashara na saini za barua pepe, maana kosa hili halikai mlangoni peke yake.

SWALI: Naitwa Hassan. Mchezo mmoja wa mtandaoni umekataa jina langu, unasema lina matusi. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Jina lako halina kosa, mchujo wao ndio mbovu. Unatafuta herufi a-s-s popote zilipo, kwa hiyo unakunasa wewe, Kassim, chai ya Assam na hata neno "class". Iko michujo iliyobadilisha "ass" kuwa "butt" bila kuangalia, na "classic" ikatoka "clbuttic". Kwa hesabu hiyo wewe ungekuwa Hbuttan. Jaribu kwanza tahajia ya "Hasan" yenye s moja. Ikiwa jina lazima lilingane na la kitambulisho, waandikie huduma kwa wateja ukiambatisha picha ya ujumbe wa kukataliwa. Mwandishi wa programu anaweza kulirekebisha kwa kupima neno zima, lenye nafasi au alama pande zote mbili, badala ya kipande cha neno.