Nyuzi za kusitiri nywele zilizopungua: namna ya kuzitumia kwenye upepo na vumbi la Dodoma

Nyuzi za nywele, zile ambazo wauzaji wa vipodozi huziita faiba, ukizitazama kwenye kopo utadhani ni unga mweusi. Zimwage kidogo juu ya karatasi nyeupe na utaona ni vipande vya uzi, kila kimoja kifupi kuliko milimita moja. Nyingi hutengenezwa kwa keratini, protini ileile inayojenga nywele na kucha zetu, na aghalabu keratini hiyo hutolewa kwenye sufu ya kondoo. Nyingine ni za pamba. Zina chaji ndogo ya umeme tuli, kama ile ya kitana cha plastiki kinachovuta vipande vya karatasi, na chaji hiyo ndiyo inayozifanya zing'ang'anie nywele. Unywele mwembamba ukishashikwa na nyuzi kadhaa hunenepa, na ngozi iliyokuwa ikionekana katikati ya nywele hupotea machoni.

Kwa hiyo lazima nywele ziwepo. Penye kipara kitupu nyuzi hulala juu ya ngozi kama vumbi, na jasho la kwanza huzikusanya. Aliyenyoa zero hana cha kuzishikia. Ukinyoa namba moja, yaani kama milimita 3, zinaweza kushika iwapo nywele bado ni nyingi kiasi. Namba mbili, milimita 6, ni salama zaidi. Mwenye nywele za kipilipili ana nafuu hapa, kwa sababu mizunguko ya nywele zake hunasa nyuzi. Maelekezo kwenye makopo mengi yameandikwa kwa kufikiria nywele zilizonyooka, kwa hiyo anza na kiasi kidogo kuliko yanavyosema.

Kwanza ujue kwa nini zinapungua

Tunaliweka hili mbele ya bei na rangi kwa sababu nyuzi zinasitiri tu, hazitibu, na kuna hali ambazo kila mwezi unaopita ukiwa umezifunika ni hasara isiyorudi.

Kwa mwanamke anayesuka, nywele za mbele na za pembeni mwa paji zikianza kurudi nyuma, mshukiwa wa kwanza ni mvuto: rasta nzito, yeboyebo iliyokazwa mpaka macho yanavutika, wigi la gundi, au nywele zinazobanwa nyuma kwa mpira kila siku mahali palepale. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele na maumivu usiku wa kwanza baada ya kusuka ni onyo. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mashina hufa na ngozi hubaki laini, inang'aa, haina hata vitundu vya nywele. Kunyunyiza nyuzi kwenye kingo hizo na wakati huohuo kuendelea kumwambia msusi akaze ni kujinyima nafasi ya kupona.

Upungufu unaoanzia utosini na kutanuka kuelekea pembeni, hasa kwa mwanamke, na hasa ukija na kuwashwa, kuungua au maumivu ukigusa, unahitaji daktari wa ngozi upesi. Kuna ugonjwa unaoshambulia mashina ya nywele na kuacha kovu, na lengo la matibabu yake ni kuokoa mashina yaliyobaki, kwa kuwa yaliyokufa hayafufuki. Mapunye nayo hayafunikwi: huhitaji dawa ya kumeza, na kupaka peke yake hakutoshi. Mabaka ya mviringo yanayotokea ghafla, ngozi yake ikiwa safi isiyo na magamba, ni jambo jingine la daktari. Mama aliyejifungua akiona nywele zinatoka kwa wingi kati ya mwezi wa pili na wa nne, mara nyingi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Huyu nyuzi zinamfaa sana katika kipindi cha kungoja. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia hupunguza nywele kichwa kizima, na vyote viwili hupimwa kwa damu.

Hapa Dodoma unaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tuliyozoea kuiita General, au Benjamin Mkapa, na kuomba kuelekezwa kwa daktari wa ngozi. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na ndiko walikosomea madaktari wa ngozi wengi wa ukanda huu.

Upara wa kurithi wa wanaume, ule unaokula pembe za paji na utosi, ndio unaosikilizana na nyuzi kuliko yote mpaka pale nywele zinapoisha kabisa. Anayetumia minoksidili ya kupaka, dawa ya kuchochea nywele kuota, aendelee nayo, ila aipake kwanza, aiache ikauke kabisa, ndipo anyunyize nyuzi. Dawa hiyo inahitaji kukaa kichwani kama saa 4 bila kuoshwa, na ukinyunyiza nyuzi juu ya dawa mbichi zitagandamana kuwa matope. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse bila daktari.

Kununua

Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo wala tarehe ya mwisho wa matumizi liache dukani, hata likiwa rahisi. Vilivyomo vikisomwa, tafuta neno keratini au pamba karibu na mwanzo.

Ukishanunua, zijaribu kabla hazijagusa kichwa. Weka nyuzi kidogo kwenye karatasi nyeupe, dondoshea maji, ngoja dakika 5. Maji yakiwa meusi, rangi haijashika, na siku ya mvua au jasho itateremka kwenye kola ya shati. Jaribio la pili ni la moto: chukua chembe kidogo kwa kibanio cha chuma, juu ya sahani, na uiwashe. Keratini hunuka kama nywele iliyoungua na hubaki jivu linalosagika. Pamba hunuka karatasi. Zikiyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, hiyo ni plastiki. Mwisho, paka kidogo nyuma ya sikio na uache kwa siku moja. Pakiwasha au kuvimba, usiendelee. Na tafadhali, masizi, kiwi ya viatu na penseli ya nyusi si mbadala. Kiwi ina viyeyusho vinavyounguza ngozi, na masizi hayaachi kushuka siku nzima.

Rangi ichaguliwe kwa kutazama mashina, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zitakapokaa. Ncha za nywele za mtu anayeshinda juani Dodoma huwa zimepauka na kuwa za kahawia, na zikifuatwa hizo, nyuzi zitakuwa nyepesi kuliko nywele zenyewe. Kwa upande mwingine, nyeusi tititi kwenye kichwa chenye mvi nyingi huonekana kama kofia. Mwenye mvi anunue makopo mawili, nyeusi na kijivu, anyunyize kijivu kwanza halafu nyeusi kwa uchache. Linganisha kwenye mwanga wa nje, asubuhi. Taa ya dukani inadanganya.

Kupaka

Nywele ziwe safi na kavu kabisa. Hili ndilo linaloharibu kazi kwa watu wengi. Nywele zetu zimezoea mafuta, na mafuta huondoa ile chaji na kuzigandisha nyuzi vikundivikundi, unaona vijidonge vyeusi badala ya ujazo. Unyevu hufanya vivyo hivyo. Ukiosha, subiri mpaka mashina yakauke na si ncha tu. Ukitumia drai, acha kichwa kipoe kwanza, maana ngozi ya moto hutoa jasho.

Chana na utengeneze mtindo wako kabla ya nyuzi, kwa sababu ukishanyunyiza huchani tena. Feni izimwe, dirisha la upande wa upepo lifungwe, taulo liwekwe mabegani, shati livaliwe baadaye. Hewa ya Dodoma ni kavu, chaji haipotei upesi, na nyuzi hurukia kitana cha plastiki na nguo za poliesta kwa urahisi. Taulo la pamba na vidole ndivyo vifaa vyako. Fumba macho, usivute pumzi juu ya kopo. Mwenye pumu amwombe mtu mwingine amnyunyizie, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa.

Shika kopo sentimita 5 hadi 8 juu ya sehemu iliyopungua, liinamishe, ligonge kwa kidole mara nne au tano tu, kisha simama utazame. Anzia pale pembeni penye nywele nyingi kidogo, uingie taratibu katikati, ili usiache duara jeusi lenye mpaka. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, gusagusa kwa kiganja, juu na chini, bila kusugua. Nyuzi zitashuka na kujipanga. Rudia mara moja, na pengine ya tatu, ila si zaidi. Ngozi kuonekana kidogo ni kawaida ya kila kichwa. Anayetaka isionekane kabisa ndiye anayegundulika.

Mstari wa mbele una sheria yake. Kopo likigongwa pale, nyuzi huangukia kwenye paji na kuchora ukingo ulionyooka kama rula. Rudi nyuma kidogo, kama nusu sentimita kutoka ukingoni, na uache zile nywele changa za mbele zionekane. Weka kiganja au kadi juu ya paji unaponyunyiza, halafu pangusa zilizoanguka kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kitazipaka zaidi.

Malizia kwa sprei ya nywele, kutoka sentimita 20 hadi 30, mipulizo miwili mitatu, na usiguse kwa dakika 2. Ukiikaribia sana inalowesha na kugandisha. Ukiisahau, utatembea na weusi mabegani.

Kopo la gramu 27.5 likitumika kwa kiasi cha gramu 0.4 kila siku linafika siku 70 hivi. Likiisha wiki ya tatu, unapaka zaidi ya gramu moja kwa siku, na bila shaka watu wanaiona.

Upepo, helmeti na udhu

Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa Dodoma, na wa Singida zaidi, haupumziki. Nyuzi zilizopigwa sprei huuvumilia, tatizo ni vumbi: linatua juu ya sprei na kufanya sehemu hiyo ionekane nyekundu, hasa barabara za Mtumba na maeneo yanayojengwa. Punguza sprei na usitumie ile inayobaki na unata. Helmeti ya bodaboda hukwangua utosi, kwa hiyo funga kwanza kitambaa laini cha satini, na uivue kwa kuinyanyua wima bila kuizungusha. Kofia na ushungi vivyo hivyo. Anayetawadha ajue kwamba kupangusa kichwa kwa mkono wenye maji kutaondoka na sehemu ya nyuzi. Abebe kopo dogo, asubiri nywele zikauke, aongezee kidogo pale palipofunguka. Mvua za Desemba hadi Aprili hushuka ghafla: manyunyu hayana neno, mvua kubwa itazisomba. Ukinyeshewa, bonyezabonyeza kwa tishu, usifute. Na ukipanda treni ya SGR asubuhi kwenda Dar es Salaam, paka nusu ya kawaida yako, kwa sababu kule jasho litazigandisha kabla ya saa sita mchana.

Kuondoa, bila kukausha nywele

Usilale nazo. Zinachafua foronya, na zikichanganyika na jasho na vumbi kwa siku kadhaa ngozi huanza kuwasha. Zinatoka kwa shampuu na maji ya kawaida. Lakini hapa pana mgongano wa kweli: nywele za kipilipili zikioshwa kwa shampuu kila siku kwenye hewa kavu kama ya Dodoma hukatika, na zikikatika unakuwa na kingine cha kusitiri. Maji ya visima vingi vya mkoa huu yana chumvi, povu halitoki vizuri na mtu huishia kuongeza shampuu.

Ratiba inayofanya kazi ni hii. Osha kwa shampuu mara mbili kwa wiki, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha kondishna. Jioni za siku nyingine, toa nyuzi kwa brashi laini, halafu pangusa sehemu ile tu kwa taulo lililoloweshwa na kukamuliwa. Mafuta yapakwe usiku, kwenye ncha peke yake, vidole visifike kwenye mashina ya sehemu unayonyunyizia. Funga satini ulale. Kama una siku mbili za kukaa nyumbani, mwisho wa wiki kwa mfano, ziache nywele bila nyuzi kabisa na upake mafuta unavyotaka, ila Jumapili jioni yaoshwe yote.

Ngozi ikitoa vipele, ikipasuka au ikiuma, simamisha nyuzi mpaka ipone. Penye kidonda au mshono wa hospitali hazinyunyizwi. Kopo lifunikwe lisiingie vumbi, lisiachwe bafuni, maana zikipata unyevu hushikana na matundu huziba. Zikishashikana, hazirudi kuwa nyuzi za kunyunyiza.