Maswali ya Wasomaji: Ufunguzi Mpya wa Kipindi cha Watoto na Hasira za Mashabiki

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu wa miaka minne ni mtazamaji wa kipindi cha vichwa vya treni vinavyozungumza, Thomas & Friends. Mdogo wangu, ambaye alikua na kipindi hicho, aliuona ufunguzi wa toleo lililoanza mwaka 2021 akasema kuwa kila kitu kimeharibiwa, kisha akanionyesha maoni ya mashabiki wenzake yaliyojaa uchungu kana kwamba wamefiwa. Binti yangu naye, wimbo huo huo ukianza tu, huacha anachokifanya na kukimbilia televisheni. Nimwamini nani?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Waamini wote wawili, kwa sababu hawazungumzii jambo moja. Mdogo wako anautetea utoto wake, ilhali binti yako anaitikia mwito wa kuja kukaa, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya ufunguzi wa kipindi cha watoto: kumjulisha mtoto asiyejua kusoma saa kwamba kitu chake kimefika.

Historia ya kipindi chenyewe inaonyesha jinsi lawama hizi zinavyorithiwa. Kilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1984, kikitokana na vitabu vya Kasisi W. Awdry, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1945. Kwa takriban miaka ishirini kilifunguliwa kwa muziki usio na maneno, uliotungwa na Mike O'Donnell na Junior Campbell, huku kichwa cha treni cha buluu, ambacho kilikuwa modeli halisi inayotembea juu ya reli halisi, kikipita katika mandhari ya mashambani. Mwaka 2004 muziki huo uliondolewa, ukaja wimbo wa Ed Welch unaowataja wahusika mmoja baada ya mwingine kwa tabia zao: Thomas mtundu, James mwenye maringo, Percy mbeba barua, Gordon apitaye kwa kishindo. Leo wimbo huo una watetezi wenye bidii, na wengi wao ni wale waliokuwa wadogo ulipotoka. Waliowatangulia wanashikilia kuwa mambo yaliharibika siku ule muziki wa kwanza ulipoondolewa. Si ajabu, basi, kwamba binti yako naye siku moja atakasirika, na kitakachomkasirisha ni kuondolewa kwa wimbo huu ambao mjomba wake hautaki kuusikia.

Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu zaidi kadiri wanavyokutana nacho mara nyingi, hata pasipo sababu nyingine ya kukipenda. Ufunguzi wa kipindi cha watoto ni mfano ulio wazi wa jambo hilo, kwani hakuna sehemu nyingine ya kipindi inayorudiwa kiasi hicho, na mtazamaji mdogo hachoshwi na marudio. Watayarishaji wa Blue's Clues, kipindi kilichoanza Marekani mwaka 1996, walilijua hilo vizuri, kiasi kwamba sehemu moja ya kipindi hicho ilirushwa siku tano mfululizo bila kubadilishwa, na watoto walizidi kuishiriki kadiri walivyoizoea. Mtu aliyesikia muziki uleule tangu akiwa na miaka mitatu hadi sita hawezi kuupima mpya kwa mizani iliyo sawa, hata akijitahidi.

Hata hivyo, nisingependa umpuuze mdogo wako, maana ana hoja moja ambayo haitokani na mazoea. Tazama magurudumu. Katika ufunguzi wa zamani treni ina uzito: inatoa moshi, inafuata reli, na mtazamaji anaona kwamba chuma hicho hakisimamishwi kwa urahisi. Katika toleo la 2021, ambalo limechorwa kwa mtindo bapa wa katuni, vichwa vya treni hudunda na kujipinda kama watoto wachezao uwanjani. Ufunguzi huo unamwambia mtazamaji, kwa haki kabisa, kuwa sasa atatazama vichekesho vya marafiki wadogo, wala si visa vya shirika la reli. Anayesikitika kwa sababu alipenda reli amesoma tangazo hilo sawasawa. Ninachokataa ni kile kishazi cha "watoto wa siku hizi wanadanganywa", kwa kuwa mtoto wa miaka minne hajaahidiwa modeli za mwaka 1984.

SWALI: Kama watu wanaupenda ufunguzi wa zamani, kwa nini watayarishaji wasiuache ulivyo?
Msomaji mwenye kushangaa

JIBU: Mara nyingi hawana njia. Picha zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni za zamani, zenye uwiano wa upana kwa kimo wa 4:3, huacha nafasi tupu pembeni kwenye skrini za leo za 16:9, au hulazimika kukatwa juu na chini. Umiliki nao hubadilika; Thomas & Friends, kwa mfano, iliingia mikononi mwa kampuni ya vichezeo ya Mattel mwaka 2012, na mmiliki mpya huwa na mawazo yake kuhusu sura ya bidhaa yake. Lakini sababu ambayo mashabiki huisahau ni wahusika. Mwaka 2018 Edward na Henry walitolewa katika kikosi kikuu, nafasi zao zikachukuliwa na Rebecca na Nia, ambaye anatoka Kenya. Muziki mtupu ungevumilia badiliko hilo bila mtu kutambua. Wimbo unaotaja majina hauvumilii, kwa sababu ama utamtaja asiyekuwapo, ama utamwacha aliyepo, na mtoto atauliza. Kwa maoni yangu, yeyote anayebuni ufunguzi unaoorodhesha wahusika wake ajue tangu mwanzo kwamba amejipangia kuubadilisha baada ya miaka michache.

SWALI: Siku hizi kuna kitufe cha kuruka ufunguzi. Ugomvi wote huu una maana gani?
Baba asiye na subira

JIBU: Netflix ilianzisha kitufe hicho mwaka 2017, na ni kweli kwamba watu wazima hukibonyeza sana. Mtoto mdogo, kwa kawaida, hakibonyezi, na mzazi akikibonyeza kwa niaba yake husikia kilio. Jaribu nyumbani kwako, ila usilaumu gazeti.

SWALI: Je, malalamiko ya mashabiki yamewahi kubadilisha chochote, au ni kelele tu? Ninataka kuwaandikia watayarishaji wa kipindi ambacho mwanangu anakipenda.
Mwalimu wa chekechea

JIBU: Yamewahi, ingawa mfano ulio wazi zaidi unatoka kwenye sinema. Tangazo la kwanza la filamu ya Sonic, mhusika wa michezo ya video, lilipotolewa mwaka 2019, watu walichukizwa na sura ya mhusika mkuu, na hasa meno yake yaliyofanana mno na ya binadamu, hata studio ikaichora upya sura hiyo na kuahirisha filamu hadi Februari 2020. Zingatia kilichowezesha jambo hilo: lalamiko lilikuwa juu ya kitu kinachoonekana na kinachorekebishika.

Kwa upande wa ufunguzi, mfano ninaoupenda ni wa katuni ya DuckTales. Kipindi hicho cha mwaka 1987 kilipotengenezwa upya mwaka 2017, picha zilibadilishwa zote na sauti ya mwimbaji ikawa nyingine, lakini wimbo wa Mark Mueller ulibaki, nao mashabiki wakongwe waliupokea kwa furaha. Sesame Street pia, programu ya watoto ambayo imekuwapo tangu mwaka 1969, imeupangilia upya wimbo wake uliotungwa na Joe Raposo mara kadhaa, ikiwa ni pamoja na mtindo wa kalipso wa mwaka 1992, bila kuutupa. Inaelekea sikio husamehe kidogo kuliko jicho: watu huzoea michoro mipya baada ya wiki kadhaa, ilhali wimbo uliotupwa hukumbukwa kwa miaka.

Kwa hiyo unapoandika, acha habari za utoto wako na ueleze unachokiona darasani. Sema kama watoto wanashindwa kuuimba wimbo kwa sababu maneno yanakwenda mbio, kama picha zinabadilika haraka kiasi kwamba hawamtambui mhusika wanayempenda, au kama kuna mwanga unaowaka na kuzima ghafla na kuwasumbua baadhi yao. Taja umri wa watoto hao na utaje ni sehemu gani hasa ya ufunguzi inayoleta shida, wala usiogope kueleza pia kinachowafurahisha, kwa kuwa mchoraji anayetakiwa kurekebisha sekunde tano za kazi yake anahitaji kujua ni zipi nyingine asiziguse.